Kama Umri Umetimia, Anasubirishiwa Nini?

Katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu kuna hoja inayorudiwa kila mwaka hadi imekuwa kama sheria. Kijana akianza kuwapiku wakubwa, asiharakishwe. Asipelekwe kwenye mashindano ya kimataifa ya wakubwa. Aachwe kwanza ashindane na wa rika lake, apate uzoefu, akomae, zamu yake itafika. Inasemwa kwa upole, kwa sauti ya mlezi, ndiyo maana ni wachache wanaothubutu kuipinga. Mimi naipinga. Kwa jinsi ninavyoiona, ni hoja ya kuwalinda walioko juu, ila imevishwa nguo za kumlinda mtoto.

Niseme mapema nisichokipinga. Juni 2022, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISU, lilikutana Phuket, Thailand, likaamua kupandisha umri wa chini wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Kura 100 zilisema ndiyo, 16 zikasema hapana. Umri ulipanda kwa hatua: msimu wa 2023–24 ukawa 16, wa 2024–25 ukawa 17. Uamuzi huo nauheshimu, na kwa sehemu kubwa nauunga mkono. Mstari umechorwa mahali pa wazi, na mzazi yeyote anaweza kuuhesabu kwa kalenda ya ukutani: kama mwanao ametimiza miaka 17 kabla ya Julai Mosi, msimu unaofuata anaruhusiwa.

Ninachokipinga ni mstari wa pili, ule unaochorwa chumbani kwa kamati baada ya kijana kuuvuka wa kwanza. Ngazi ya vijana inaendelea hadi miaka 19, kwa hiyo mtelezaji wa miaka 17 au 18 yuko katikati: sheria inamruhusu acheze na vijana, inamruhusu pia acheze na wakubwa. Hapo ndipo wajumbe wanapoanza kuzungumzia ukomavu, heshima kwa waliotangulia, na hatari ya kumuunguza kijana. Hakuna kipimo chochote kati ya hivyo kilichoandikwa kwenye fomu. Kijana anakosa nafasi, na hata hawezi kukata rufaa, maana hajui amekosa kwa kosa gani.

Huku kwetu barafu ni ya kuwekea samaki, basi nieleze kidogo mambo yanavyokwenda. Mtelezaji hajipeleki mwenyewe kwenye mashindano ya kimataifa. Shirikisho la nchi yake ndilo linalopeleka jina. Ziko ngazi. Chini kuna mashindano ya mfululizo wa Challenger, kama Nebelhorn Trophy ya Oberstdorf, Ujerumani, au, hadi 2023, Finlandia Trophy. Juu yake kuna Grand Prix, ambako mialiko hufuata orodha za viwango na alama. Kisha mashindano ya mabara, mashindano ya dunia, na Olimpiki. Kwa nchi ndogo suala hili halina uzito. Mwenye mtelezaji mmoja humpeleka huyohuyo. Ugomvi uko Japani, Marekani, Kanada na, kabla ya kufungiwa, Urusi, ambako watelezaji wazuri ni wengi kuliko nafasi.

Na tofauti kati ya vijana na wakubwa ni ipi hasa? Uwanja ni uleule. Katika misimu ninayoizungumzia hapa, programu ndefu ya vijana ilikuwa dakika tatu na nusu na ya wakubwa dakika nne, na kila upande uliruhusiwa miruko saba. Katika programu fupi vijana wamebanwa zaidi kuhusu miruko wanayoruhusiwa. Tofauti nyingine zipo, lakini ni za kiufundi na haziwezi kukuambia kwamba hawa ni watoto na wale ni watu wazima. Alama hutolewa kwa jedwali moja la thamani. Mruko wa Lutz wa mizunguko mitatu una thamani ileile, awe ameuruka nani.

Sasa tuje Nashville, Januari 2022, kwenye mashindano ya taifa ya Marekani, ambako hoja ninayoipinga ilipata ushindi wake mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni. Kulikuwa na nafasi tatu za wanaume kwenda Olimpiki ya Beijing. Nathan Chen akashinda, na hilo halikumshangaza mtu. Wa pili akawa Ilia Malinin, mvulana wa Virginia aliyekuwa ametimiza miaka 17 mwezi uliotangulia, kwa alama 302.48. Vincent Zhou wa tatu. Jason Brown wa nne, nyuma ya Malinin kwa zaidi ya alama 12. Kamati ikakaa usiku. Majina yalipotoka yalikuwa Chen, Zhou na Brown.

Sitaki kumvunjia heshima Brown. Ni miongoni mwa watelezaji wenye madaha kuliko wote wa kizazi chake, na Beijing alikwenda akamaliza wa 6 bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani tena kwa wanaume. Hakuiaibisha kamati. Watetezi wa uamuzi ule huishia hapohapo: si mliona, mzoefu alitulia, akaleta nafasi ya 6?

Lakini swali halikuwa kama Brown anafaa. Swali lilikuwa Malinin alikataliwa kwa kipimo gani. Jibu lililotolewa ni rekodi ya msimu mzima, kwamba kamati haitazami siku moja bali mwenendo. Vizuri. Tuitazame hiyo rekodi. Brown alikuwa ameshinda Finlandia Trophy na kushika nafasi ya pili Skate Canada. Malinin alikuwa ameshinda mashindano mawili ya Grand Prix ya vijana, Courchevel nchini Ufaransa na Linz nchini Austria. Fainali ya mfululizo huo, iliyopangwa kufanyika Osaka mwezi Desemba, ilifutwa kwa sababu ya korona. Kwa hiyo kijana alishinda kila alichopangiwa kwenye mfululizo huo, na alichokuwa amebakiza kikafutwa na ugonjwa. Kisha akafika kwenye mashindano pekee ambako yeye na Brown walikuwa kwenye barafu moja, mbele ya majaji walewale, akamshinda. Ukisema mashindano ya vijana hayana uzito, na mashindano ya taifa nayo ni siku moja tu, utakuwa umemwambia mtelezaji wa miaka 17 kwamba hakuna chochote duniani anachoweza kufanya kikahesabika.

Huo ndio ubovu wa hoja ya uzoefu. Uzoefu wa mashindano ya wakubwa unapatikana kwenye mashindano ya wakubwa. Anayenyimwa nafasi kwa kukosa uzoefu mwaka huu atafika mwaka ujao akiwa bado hana. Wajumbe wa kamati ni watu wenye akili, nao wanalijua hili. Wanachosema kwa kweli ni kwamba kuna mtu mwingine wangependa aende.

Malinin hakuachwa kabisa. Alipelekwa kwenye mashindano ya dunia ya Montpellier, Machi 2022. Hapa wapinzani wangu hutabasamu. Katika programu fupi alipata zaidi ya alama 100, akawa wa 4 duniani. Katika programu ndefu akaporomoka, akamaliza wa 9. Mnaona, wanasema, tuliwaambia: presha ya wakubwa si mchezo.

Twende taratibu. Idadi ya nafasi ambazo nchi inapata mwaka unaofuata huamuliwa na mashindano ya dunia. Nchi yenye watelezaji wawili au watatu hujumlisha nafasi za wawili wake bora. Jumla isipozidi 13, inapata nafasi tatu. Montpellier, Zhou alikuwa wa 3 na Mmarekani mwenzake Camden Pulkinen wa 5. Jumla ni 8. Nafasi ya 9 ya Malinin haikuingia kwenye hesabu yoyote. Hata angemaliza wa 20, Marekani ingerudi mwaka uliofuata na watu watatu. Naomba wanaopiga kelele kuhusu hatari kwa taifa waisome sheria hiyo tena. Nchi yenye nafasi tatu ina nafasi moja ambayo haigharimu kitu. Kumpa nafasi hiyo mzoefu ambaye kila mtu anajua atamaliza wa 8 ni kuitupa. Kumpa kijana ni kununua miaka kumi ya mbele kwa bei ya tiketi ya ndege.

Na tazama kilichofuata, maana hiki husahaulika. Mwezi mmoja baada ya Montpellier, Malinin alikwenda Tallinn, Estonia, kwenye mashindano ya dunia ya vijana, mahali ambapo kwa mujibu wa hoja ya ukomavu ndipo alipostahili kuwa. Alishinda kwa alama 276.11, rekodi ya vijana, akimwacha wa pili kwa zaidi ya alama 40. Zaidi ya 40! Angeweza kuanguka mara kadhaa na bado akapanda jukwaa la juu. Niambieni alijifunza nini siku ile. Montpellier ndiko alikojifunza, tena kwa kushindwa, akiwa na watu waliomzidi mbele yake na dakika nne za kujaza badala ya tatu na nusu. Septemba ya mwaka huohuo, Lake Placid, akafanya kile ambacho hakuna mtelezaji aliyewahi kukifanya kwenye mashindano: Axel ya mizunguko minne, ambayo kwa kuwa mrukaji huondoka akitazama mbele na kutua akirudi nyuma, kwa hesabu ni mizunguko minne na nusu, hewani kwa muda usiofika sekunde moja. Akawa wa 3 duniani 2023, bingwa wa dunia 2024 na tena 2025. Anayeniambia kwamba kusubirishwa ndiko kulikomjenga anapaswa kueleza kwa nini alijengeka baada ya kuruhusiwa.

Jambo hili si geni. Machi 1994 mashindano ya dunia yalifanyika Chiba, Japani. Marekani ilikuwa imechafuka: mtelezaji Nancy Kerrigan alikuwa ameshambuliwa kwa rungu mwezi Januari, mpinzani wake Tonya Harding alikuwa amepoteza hadhi kwa sababu ya mkasa huohuo, na baada ya Olimpiki ya Lillehammer wote wawili hawakwenda Chiba. Waliokwenda ni Nicole Bobek na msichana wa miaka 13 anayeitwa Michelle Kwan. Bobek akatolewa kwenye mchujo. Ikabaki juu ya mabega ya Kwan peke yake: asipomaliza ndani ya kumi bora, nchi iliyokuwa ikitawala mchezo huu ingepeleka mwanamke mmoja tu mwaka 1995. Akamaliza wa 8. Baadaye akatwaa ubingwa wa dunia mara tano na wa taifa mara tisa.

Nina sababu nyingine ya kumpenda Kwan wa wakati ule. Miaka miwili kabla, akiwa na miaka 12, kocha wake Frank Carroll alimkataza asihamie kwa wakubwa. Alikuwa ametoka tu kumaliza wa 9 kwenye mashindano ya taifa ya vijana, na kwa akili ya kawaida kocha alikuwa sahihi. Kocha akasafiri kikazi. Aliporudi akakuta msichana ameshafanya mtihani wa ngazi ya wakubwa na amefaulu. Kocha alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini msimu uliofuata yule mtoto akawa wa 6 wa taifa kati ya wakubwa. Simtoi kama mfano wa adabu. Namtoa kwa sababu anaonyesha jambo ambalo kamati hazilioni kwenye makaratasi: wapo watelezaji ambao daraja la chini linawadumaza.

Wanariadha wetu wa Afrika Mashariki wameliishi jambo hili bila kuliandikia vitabu. Julai 2012, Faith Kipyegon alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 1500 kule Barcelona. Wiki chache baadaye, akiwa na miaka 18, Kenya ikampeleka Olimpiki ya London. Akatolewa hatua ya mchujo. Miaka minne baadaye, Rio, alichukua dhahabu, na hajaacha kuchukua tangu hapo: Tokyo, Paris. Angeweza kuambiwa London ni mapema mno. Aliambiwa apande ndege.

Sasa nifike kwenye hoja yao yenye nguvu, na hapa sitatania.

Februari 17, 2022, Beijing, Kamila Valieva wa Urusi, miaka 15, aliingia kwenye barafu kwa programu ndefu akiongoza. Dunia nzima ilikuwa inajua kwamba sampuli yake ya Desemba 25 ilikutwa na trimetazidine, dawa ya moyo iliyopigwa marufuku. Mahakama ya usuluhishi wa michezo ilikuwa imemruhusu aendelee, kwa sehemu kwa sababu ya umri wake. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Akamaliza wa 4. Alipofika ukingoni mwa uwanja, kocha wake alimpokea kwa maswali, si kwa kumkumbatia, na hata rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Thomas Bach, kesho yake alisema hadharani kwamba ubaridi ule ulimsikitisha. Januari 2024 Valieva akafungiwa miaka minne kuanzia siku ile ya sampuli. Aliyeitazama programu ile hawezi kuisahau, na kumbukumbu yake ilikuwa bado mbichi kura za Phuket zilipopigwa.

Wapinzani wangu huongeza majina mengine. Yulia Lipnitskaya, dhahabu ya timu Sochi 2014 akiwa na miaka 15, alistaafu 2017 baada ya kutibiwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Alina Zagitova, bingwa wa Olimpiki 2018 akiwa na miaka 15, alijiweka kando Desemba 2019, miaka 17. Orodha inatisha. Lakini isomeni vizuri. Hao watatu walilelewa kwenye kambi moja ya Moscow, chini ya kocha mmoja, Eteri Tutberidze. Kwan hakupita pale. Kim Yuna wa Korea Kusini hakupita pale. Aliingia kwa wakubwa akiwa na miaka 16, akashinda fainali ya Grand Prix msimu huohuo, akawa bingwa wa Olimpiki 2010 na bado akarudi kuchukua fedha 2014. Mao Asada wa Japani hakupita pale. Alishinda fainali ya Grand Prix Desemba 2005 akiwa na miaka 15, na mwaka 2014 bado alikuwa bingwa wa dunia. Ukichukua kambi moja na kuifanya ndiyo ushahidi wa mchezo mzima, huko si kuhoji, ni kukwepa kuiuliza kambi ile maswali.

Na kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Machi 2018, Sofia, Bulgaria, Alexandra Trusova aliruka miruko miwili ya mizunguko minne kwenye programu moja. Alikuwa na miaka 13. Yalikuwa mashindano gani? Ya dunia ya vijana. Hakuhitaji nafasi yoyote ya wakubwa ili mwili wake uanze kubeba kishindo kile cha kutua, ambacho ni mara kadhaa ya uzito wa mtu, mamia ya mara kwa wiki mazoezini. Ngazi ya vijana, ile inayoitwa salama, ndiko miruko hiyo ilikofundishwa na kuzawadiwa. Ukimzuia kijana wa miaka 17 asiende mashindano ya wakubwa hujampunguzia mruko hata mmoja. Anarudi palepale mazoezini, anaruka vilevile, isipokuwa anaruka mbele ya viti vitupu. Mwenye uchungu wa kweli na magoti ya watoto akadai kikomo cha miruko kwa watoto wa miaka 13, akadai daktari asiyelipwa na kambi, akadai kocha aulizwe kuhusu mizani ya kila asubuhi. Hayo ni magumu na yana maadui. Kumnyima msichana mmoja tiketi ya kwenda mashindano ya wakubwa ni rahisi.

Wengine watamtaja Alysa Liu: bingwa wa taifa wa Marekani akiwa na miaka 13, mwaka 2019, kisha tena 2020, na Aprili 2022, akiwa na miaka 16, akatangaza kuacha. Ameungua, walisema. Lakini aliporudi 2024 alieleza wazi alichokitaka: aamue mwenyewe muziki wake, mavazi yake, ratiba yake. Mwaka 2025, Boston, akawa bingwa wa dunia. Kilichomchosha hakikuwa majaji wa wakubwa. Kilikuwa maisha ambamo kila kitu aliamuliwa na watu wazima, na kamati inayomwambia kijana asubiri kwa faida yake ni watu wazima walewale.

Ipo hoja ya sanaa, nayo nitaipitia haraka. Vijana wanaruka tu, hawatelezi. Hawana uzito wa hisia. Watazamaji wanataka wasanii. Inawezekana. Lakini alama za sanaa zipo kwenye karatasi ya majaji: utungaji, uwasilishaji, ubora wa kuteleza, kila kimoja hadi kumi, na kwa wanaume kwenye programu ndefu huzidishwa hadi jumla ikaribie mia. Kama baada ya hesabu hiyo kijana bado yuko juu, ameshatozwa kwa kila alichopungukiwa. Kumtoza tena chumbani ni kumtoza mara mbili. Na kama mizani ya miruko na sanaa imepotoka, ISU, irekebisheni mizani hiyo kwa kura, kama mlivyofanya kuhusu umri. Niongeze tu kwamba majaji ni binadamu. Alama za uwasilishaji hupanda kadiri jina linavyozoeleka masikioni mwao. Mtelezaji asiyeonekana hazipati, kisha anaambiwa hana.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Saa za uwanja, kocha, viatu, mshonaji na mtunga programu hulipwa na familia, na zawadi kwenye ngazi ya vijana ni ndogo. Msimu mmoja zaidi wa kusubirishwa ni bili ya mzazi. Sijawahi kuona mjumbe wa kamati akijitolea kuilipa.

Nikubali jambo moja, kwa kuwa ni kweli. Si kila kijana anayeshinda siku moja anastahili kila kitu. Yupo aliyeshinda kwa sababu wakubwa watatu walianguka. Yupo anayecheza na jeraha na mzazi amelificha. Kamati ina kazi, tena kazi muhimu: imtazame daktari kabla ya kumtazama jaji, imwanzishe na Challenger kama hajawahi kusafiri, imuulize mwenyewe bila kocha kuwepo. Hilo ni tofauti na kumwambia akae kwa sababu kuna mtu ambaye zamu yake imefika. Nafasi ya taifa haina zamu. Mkongwe aliyeshindwa uwanjani hakuporwa kitu.

Ninachokitaka kinaandikika kwenye ukurasa mmoja. Vigezo vitangazwe kabla ya msimu kuanza, vikiwa na namba. Matokeo ya ngazi ya vijana yapewe uzito unaojulikana, si sifuri inayofichwa chini ya maneno. Nchi yenye nafasi tatu kwenye mashindano ya dunia iwe na utaratibu wa kuitumia ya tatu kwa mtelezaji chipukizi aliyefikia alama za chini za ISU, isipokuwa kama kuna sababu ya kiafya. Na kamati ikimruka mtu aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu, itoe sababu kwa maandishi, kwa jina lake, ndani ya siku chache, ili aweze kuikatia rufaa.

Mtihani uko karibu. Mao Shimada wa Japani amekuwa bingwa wa dunia wa vijana 2023, 2024 na 2025. Tangu akiwa na miaka 14 amekuwa akipanda jukwaa la mashindano ya taifa ya wakubwa, wa 3, tena wa 3, kisha wa 2 nyuma ya Kaori Sakamoto, na kila mara wamepelekwa wengine, kwa haki, kwa sababu umri haukuruhusu. Alizaliwa Oktoba 30, 2008. Aliikosa Olimpiki ya Milano kwa miezi minne. Kuanzia msimu wa 2026–27 kalenda haimzuii tena. Akilishindania jina lake uwanjani na kulipata, Shirikisho la Japani liliandike, lilitume, na lisimtafutie mstari mwingine.